Pikipiki ya umeme mlimani: kwa nini inaishiwa nguvu wakati betri bado imejaa

Kila tunapozungumzia pikipiki za umeme, swali moja hurudi kutoka kwa wasikilizaji wetu wa maeneo ya milimani. Dereva ametoka kubadilisha betri, imejaa. Nyuma amefunga magunia ya viazi, au amembeba mama na mtoto wanaokwenda zahanati. Kwenye tambarare pikipiki inakwenda vizuri na haina kelele. Anapofika katikati ya mlima mrefu, inaanza kulegea. Anazungusha mkono wa kuongeza mwendo mpaka mwisho, lakini mwendo hauongezeki. Kioo kinaonyesha betri bado ina chaji ya kutosha. Anasimama, anapumzika robo saa, anajaribu tena, na pikipiki inaondoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wengi huamua hapo hapo kwamba betri ni mbovu, au kwamba wameuziwa kitu feki. Inawezekana. Lakini mara nyingi jibu liko mahali pengine: mota imepata joto kupita kiasi, na kompyuta ndogo ya pikipiki imeamua kuipunguzia nguvu ili isiungue.

Katika makala hii tunaeleza joto hilo linatoka wapi, linatokaje nje ya mota, na wahandisi wanalipigia hesabu namna gani. Tunaeleza pia kwa nini hesabu hiyo inamhusu moja kwa moja mtu anayetaka kukopa fedha anunue pikipiki ya umeme ya kufanyia kazi kijijini.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Pikipiki za umeme si jambo la maonyesho tena katika ukanda wetu. Mjini Kigali zimekuwa zikibeba abiria kibiashara tangu 2019, na kuanzia Januari 2025 serikali ya Rwanda iliamua kwamba pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria katika mji huo ziwe za umeme. Nchini Kenya, Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa Septemba 2023. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024 ilipozuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli.

Mpaka sasa sehemu kubwa ya pikipiki hizi ziko mijini, ambako kuna lami, vituo vya kubadilisha betri viko karibu, na safari nyingi ni fupi. Rwanda inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki. Kijijini mambo ni tofauti. Kuna mishkaki, kuna gunia la mkaa, kuna mikungu ya ndizi, na kuna milima ya udongo ambayo mtu hupanda polepole kwa dakika kumi au zaidi. Hiyo ndiyo safari inayoitesa mota kuliko nyingine yoyote.

Kwa hiyo kabla pikipiki hizi hazijafika kwa wingi vijijini, ni vizuri mnunuzi ajue ni kitu gani hasa kinachoweka mpaka wa nguvu yake.

Tuanze na mashine ya kusaga

Mota ya umeme si ngeni kijijini. Ipo kwenye mashine ya kusaga. Wengi mmewahi kusikia harufu kali ya vanishi siku mota inapoungua, mashine ikasimama, na mwenye nayo akaipeleka mjini kwa fundi ili koili isukwe upya.

Ndani ya mota kuna waya za shaba zilizozungushwa kwenye chuma. Kila uzi wa waya umepakwa vanishi nyembamba sana ili umeme usiruke kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Umeme unapopita kwenye shaba, shaba hupata moto. Moto ukizidi, vanishi inakauka, inapasuka, waya zinagusana, na mota imekwisha.

Vanishi na karatasi hizo za kuzuia umeme hupangwa kwa madaraja ya joto yanayotumika duniani kote. Daraja B huvumilia nyuzi joto 130 za Selsiasi, daraja F nyuzi 155, na daraja H nyuzi 180. Mafundi wana kanuni ya siku nyingi: kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango hicho hupunguza maisha ya koili kwa nusu. Ukizidisha nyuzi 20, maisha yake yanabaki robo. Ndiyo maana mota inaweza kuonekana nzima kwa miezi mingi huku inakwisha ndani kwa ndani, halafu ikaungua siku ambayo mzigo wala haukuwa mkubwa.

Sasa iangalie tena ile mota ya mashine ya kusaga. Nyuma yake kuna feni, na mwili wake una mikunjo mingi kama mapezi ya samaki. Vitu hivyo havikuwekwa kwa urembo. Feni inasukuma hewa, na mikunjo inaongeza eneo la kugusana na hewa hiyo ili joto litoke.

Mota haina ekzosti

Injini ya petroli inatoa joto jingi sana kuliko mota. Sehemu kubwa ya nishati iliyo kwenye petroli haifiki kwenye gurudumu. Inapotea kama joto. Lakini sehemu nzuri ya joto hilo inatoka yenyewe na moshi kupitia bomba la ekzosti. Ukiligusa bomba hilo baada ya safari unalijua.

Mota ya umeme ni bingwa kwa upande huo. Mota nzuri ikifanya kazi kwa mwendo wake inageuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa nguvu ya kuzungusha gurudumu. Joto lake ni dogo, lakini halina ekzosti ya kutokea. Lazima lisafiri kutoka ndani ya koili, lipite kwenye chuma, lifike kwenye mwili wa mota, ndipo lichukuliwe na upepo.

Joto husafiri kwa njia tatu. La kwanza hupita kwa kugusana, kama kijiko kinachopata moto mpaka mpini kikiachwa kwenye sufuria. La pili hubebwa na hewa au maji yanayotembea, kama unapopuliza chai ipoe. La tatu hutoka kwa mionzi, kama joto la makaa linavyokufikia usoni ukiwa umekaa mbali kidogo. Kwenye mota, njia mbili za kwanza ndizo zinazofanya kazi kubwa.

Adui mkubwa hapa ni hewa iliyotulia. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko hewa iliyotulia kwa zaidi ya mara 15,000. Ndiyo sababu blanketi hutupa joto usiku: linashika hewa isitembee. Ndani ya mota kuna mablanketi ya namna hiyo mengi. Kuna vipenyo vya hewa kati ya uzi mmoja wa waya na mwingine, kuna karatasi kati ya koili na chuma, na kuna uwazi mwembamba, pengine milimita moja au chini yake, kati ya sehemu inayozunguka na ile iliyotulia. Kila kimoja ni chembamba, lakini kila kimoja kinachelewesha joto.

Mlima na tambarare: hesabu moja

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, kwa hiyo tutapiga hesabu pamoja. Tuchukue mfano wa pikipiki ambayo yenyewe, dereva na mzigo vinafika kilo 300.

Kwenye lami tambarare, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mota inashindana na upepo na msuguano wa matairi tu. Nguvu ya kusukuma inayohitajika ni kama ya mtu anayevuta ndoo ya kilo 12 kutoka kisimani.

Sasa pikipiki hiyo hiyo inapanda mlima unaonyanyuka mita 10 kwa kila mita 100 za barabara, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Nguvu ya kusukuma inakuwa kama ya kuvuta ndoo ya kilo 34. Imeongezeka karibu mara tatu.

Ajabu ni kwamba ukipima kwa kilowati, tofauti ni ndogo. Tambarare ile inahitaji takriban kilowati 1.6, na mlima unahitaji takriban kilowati 1.9, kwa sababu mlimani pikipiki inakwenda polepole. Anayeangalia kilowati peke yake atasema kazi ni karibu ileile. Betri nayo haioni tofauti kubwa mwanzoni.

Mota inaona tofauti kubwa. Nguvu ya kusukuma inatokana na mkondo wa umeme unaopita kwenye shaba. Ukitaka msukumo mara tatu, lazima mkondo uwe mara tatu. Na joto la shaba haliongezeki sawasawa na mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Mkondo ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa.

Kwa hiyo mota iliyokuwa ikitoa joto la wati 100 kwenye shaba yake tambarare, mlimani inatoa wati 900. Hilo ni joto la pasi ya umeme iliyofungiwa ndani ya chuma chenye uzito wa kama kilo 10. Wakati huohuo upepo wa kuipoza umepungua, maana pikipiki imepunguza mwendo. Kwa mfano wetu, kama joto halipati pa kutokea, mota hiyo inapanda takriban nyuzi 12 kila dakika. Ikianza mlima ikiwa na nyuzi 60, ndani ya dakika nane imefika kwenye mpaka wa daraja F.

Jambo jingine linaongeza ubaya. Shaba yenye moto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Ikitoka nyuzi 20 kwenda 120, ukinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 40. Maana yake, mota yenye moto hutoa joto zaidi kwa mkondo uleule, na joto hilo linaipandisha tena.

Hapa pikipiki ya petroli ina kitu inachojivunia: gia. Dereva akifika mlimani anarudisha gia ya kwanza au ya pili, injini inazunguka haraka huku gurudumu likienda polepole, na msukumo unaongezeka. Pikipiki nyingi za umeme zina gia moja tu. Mota haina mahali pa kupumulia isipokuwa kuongeza mkondo.

Ndani ya gurudumu au katikati ya fremu

Mota za pikipiki za umeme zimewekwa kwa namna kuu mbili, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa joto.

Aina ya kwanza imo ndani ya gurudumu la nyuma. Haina mnyororo, ina vitu vichache vya kuharibika, na ni rahisi kutengeneza. Lakini koili yake iko katikati, karibu na ekseli, na ganda linalozunguka lenye sumaku liko nje. Joto la koili lazima livuke uwazi wa hewa ndipo lifike kwenye ganda, au litoke kidogo kidogo kupitia ekseli. Na kwa sababu mota ya gurudumu inazunguka sawa na gurudumu, haina msaada wa kupunguza mizunguko. Mlimani inalazimika kunywa mkondo mwingi.

Aina ya pili imefungwa katikati ya fremu, ikizungusha gurudumu kwa mnyororo au mkanda. Hapa mota inaweza kuzunguka mara kadhaa kila gurudumu linapozunguka mara moja. Msukumo unaongezeka kwenye sproketi, kwa hiyo mkondo unapungua. Tena mota hii huwa na koili upande wa nje, imeshikana na ganda lenye mikunjo ya kupoza. Kwa mzigo mzito na mlima mrefu, hii kwa kawaida ina nafasi nzuri zaidi, ingawa ina mnyororo wa kutunza.

Mota zinazozunguka haraka, na gharama yake

Wazo hilo la kuifanya mota izunguke haraka kuliko gurudumu ndilo watengenezaji wa magari ya umeme duniani wamelifuata kwa kasi. Mota ya kuendeshea ya Toyota Prius ya 2004 ilifikia mizunguko 6,000 kwa dakika. Ya mwaka 2010 ilifikia 13,500. Leo kuna magari ya umeme ambayo mota zake hupita mizunguko 20,000 kwa dakika.

Sababu ni rahisi kuielewa. Nguvu ni msukumo ukizidishwa kwa mwendo wa kuzunguka. Mota ikizunguka mara mbili zaidi, inaweza kutoa nguvu ileile kwa msukumo wa nusu, kwa hiyo inaweza kuwa ndogo, nyepesi, na yenye shaba na sumaku chache. Sumaku zenyewe zina madini adimu na ni ghali.

Lakini joto linarudi kwa mlango mwingine. Kwanza, chuma cha mota hupata moto kwa sababu usumaku wake unageuzwa maelfu ya mara kwa sekunde. Mizunguko ikiongezeka mara mbili, sehemu moja ya joto hilo huongezeka mara nne. Ndiyo maana chuma cha mota hakitengenezwi kwa pande moja. Hupangwa kwa mabati membamba kama kurasa za kitabu, na katika mota za kasi kurasa hizo zina unene wa robo milimita tu, ili umeme usipate njia ya kuzunguka ndani ya chuma. Pili, hewa iliyo kwenye ule uwazi mwembamba inasuguliwa. Mwendo ukiwa mara mbili, msuguano huo unakula nguvu karibu mara nane. Tatu, mota imekuwa ndogo. Ukipunguza urefu, upana na kimo kwa nusu, eneo la nje la kutolea joto linabaki robo.

Wa kuumia zaidi ni sumaku. Ziko kwenye sehemu inayozunguka, zimezungukwa na hewa, na hazigusani na mwili wa mota uliopoa. Sumaku za neodimi za daraja la kawaida huanza kuharibika zikipita nyuzi 80. Zile za madaraja ya juu huvumilia 150 au 180, lakini bei yake ni kubwa. Koili ikiungua fundi anaweza kuisuka upya. Sumaku ikipoteza nguvu kwa joto, hairudi kwa kuisubiri ipoe, na fundi wa kijijini hana kifaa cha kuipa nguvu tena.

Magari ya bei kubwa yanajitetea kwa maji yanayozungushwa kwenye ganda la mota, au kwa mafuta yanayonyunyiziwa moja kwa moja kwenye koili na ndani ya sehemu inayozunguka. Pikipiki nyingi za bei ya bodaboda hazina vitu hivyo. Zina upepo tu.

Hesabu ya mitungi na mabomba

Mhandisi hawezi kutengeneza mota kumi, aziunguze zote, ndipo ajue ipi inafaa. Anaanza na hesabu. Njia inayotumika sana ni kuigawa mota katika vipande: koili, chuma kilichotulia, ganda, sehemu inayozunguka, sumaku, beringi.

Fikiria kila kipande ni mtungi wa maji, na mitungi yote imeunganishwa kwa mabomba. Maji ndiyo joto, na kimo cha maji ndani ya mtungi ndiyo nyuzi joto za kipande hicho. Kipande kizito ni mtungi mpana: unahitaji maji mengi ili kimo kipande. Panapopitisha joto vizuri pana bomba nene. Penye hewa au karatasi pana bomba jembamba. Bomba la mwisho linamwaga nje, kwenye upepo.

Ukijua kiasi cha joto kinachoingia kwenye kila mtungi, kompyuta inaweza kukuambia kimo cha maji katika kila kimoja, sekunde kwa sekunde, katika safari nzima. Inaonyesha kwamba mtungi wa koili ni mwembamba na unajaa haraka, lakini mtungi wa chuma ni mpana na unachelewa. Ndiyo maana kupumzika kidogo kunasaidia: joto la koili linapata muda wa kuhamia kwenye chuma. Na ndiyo maana mlima wa pili na wa tatu ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu mtungi wa chuma nao umeshajaa.

Hesabu hiyo hiyo, katika umbo dogo, inaweza kuwekwa ndani ya kontrola ya pikipiki yenyewe. Pikipiki inaweza kuwa na kipimajoto kidogo kwenye koili, lakini si rahisi kukiweka kwenye sumaku inayozunguka. Kwa hiyo kontrola hukisia joto la sumaku kwa hesabu. Ikiona mpaka unakaribia, inapunguza mkondo. Dereva anahisi pikipiki imelegea.

Hesabu haijui tope

Sasa tuseme wazi tatizo liko wapi. Hesabu ya joto ni nzuri kadiri ya mambo iliyoambiwa. Mabomba ambayo ni magumu kuyakisia ni yaleyale yanayobadilika barabarani kwetu. Mota iliyopakwa tope zito lililokauka haipoi sawa na mota safi ya maabara. Dereva anayepanda mlima upepo ukimsukuma kwa nyuma hapati upepo wa kupoza. Mzigo wa kilo 120 si abiria mmoja wa kilo 70.

Kanuni za kimataifa za mota, zilizoandikwa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, huchukulia kwamba hewa haizidi nyuzi 40 na kwamba mota iko mahali pasipozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nairobi, Kampala, Kigali, Mbeya na Njombe zote ziko juu ya mita hizo. Hewa ya juu ni nyepesi na hubeba joto kidogo zaidi. Ni kweli kwamba huko juu pia kuna baridi, na baridi hiyo hufidia. Lakini ni mfano mzuri wa jinsi namba iliyo kwenye kibao cha mota inavyobeba masharti ambayo mnunuzi haambiwi.

Sharti kubwa kuliko yote ni muda. Mota moja inaweza kuwa na nguvu mbili. Ipo nguvu ya kilele, ambayo inaweza kutolewa kwa dakika chache tu kabla joto halijafika mpakani. Na ipo nguvu ya kuendelea, ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo joto likatulia bila kupita kiwango. Kwa magari, kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa inataka ipimwe nguvu ambayo mota inaweza kuishika kwa dakika 30. Kwenye tangazo la pikipiki, namba inayopenda kuandikwa kwa maandishi makubwa ni ile ya kilele.

Kwa dereva wa mjini anayesimama kila baada ya dakika mbili kwenye foleni, nguvu ya kilele inaweza kumtosha. Kwa dereva wa kijiji kilicho juu ya mlima, nguvu yake halisi ni ile ya kuendelea. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo anayoilipia kila siku kwa kusimama njiani, na akiwa na mkopo, marejesho hayasimami kumsubiri mota ipoe.

Hatusemi pikipiki za umeme hazifai milimani. Kigali ni mji wa milima na zinafanya kazi kila siku. Tunasema kwamba pikipiki iliyopigiwa hesabu kwa safari ya mjini isiuzwe kijijini kana kwamba safari ni ileile. Mashirika ya viwango ya nchi zetu yana nafasi ya kusaidia hapa, kwa kudai kwamba nguvu ya kuendelea iandikwe waziwazi na kwamba majaribio yafanywe kwa mzigo na mlima unaofanana na wetu. Vyama vya bodaboda navyo vinaweza kudai hivyo kabla ya kusaini mikataba ya mikopo ya pamoja.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Kabla hujaweka fedha yako, uliza mambo haya, na uandikiwe majibu:

- Nguvu ya kuendelea ya mota ni kilowati ngapi, na ya kilele ni ngapi, kwa dakika ngapi?
- Mota iko kwenye gurudumu au katikati ya fremu?
- Koili ni ya daraja gani la joto? Je, ina kipimajoto ndani?
- Joto likizidi, pikipiki inaonyesha alama gani kwenye kioo kabla ya kupunguza nguvu?
- Waranti inalipa mota iliyoungua mlimani kwa mzigo wa uzito gani?

Kisha omba kuijaribu kwenye mlima wako mwenyewe, na mzigo wako mwenyewe, mara tatu mfululizo bila kupumzika. Muuzaji anayeiamini pikipiki yake hatakataa.

Kwa yule ambaye tayari anayo

Kuna mambo machache yanayosaidia. Kupunguza mzigo kunalipa kuliko unavyodhani: uzito wote ukipungua kwa moja ya tano, joto la shaba mlimani linapungua kwa zaidi ya theluthi. Usiishikilie pikipiki mlimani kwa kuzungusha mkono wa mwendo huku haisogei. Wakati huo umeme wote unaoingia unageuka kuwa joto. Tumia breki. Mlima ukiwa mrefu, pumzika kabla pikipiki haijakulazimisha, maana ikishajilegeza yenyewe ujue joto limefika mpakani.

Osha tope kwenye mota mara kwa mara, lakini ikiwa imepoa. Usiimwagie maji ya baridi ikiwa na moto. Hewa iliyo ndani ikipoa ghafla inajikunja na kuvuta maji kupitia kwenye sili, na maji yakiingia yanakula beringi na koili.

Na ukisikia ile harufu ya vanishi unayoijua kutoka kwenye mashine ya kusaga, simama hapo hapo. Ukifika juu ya mlima kwa kuilazimisha, huenda ukalazimika kuisukuma kurudi.